Jina Lililo Ukingoni

Mzee yule hakuja kutengeneza saa. Alikuja kuuliza kama nina jiko la kuyeyushia fedha, maana sonara wake alikuwa amefunga kwa msiba na yeye ana haraka: mjukuu anaolewa Ijumaa, na alitaka madini yale yaongezwe kwenye bangili. Ilikuwa mwaka 1997, mvua za El Nino zimeanza, kibanda changu cha Ngamiani hapa Tanga kinavuja pembe zote mbili. Akafungua leso, akaweka mezani duara la fedha jeusi kama chini ya sufuria, lenye kishikio kilichonyooka juu yake.

Mimi ni fundi saa. Kioo kinakaa jichoni kutwa, na kitu chochote nikipewa nakigeuza kuanzia ukingoni, mazoea tu ya kazi. Ukingoni mwa duara lile palikuwa na herufi ndogo zilizogongwa: tarakimu nne, kisha PTE., yaani askari wa kawaida, kisha jina moja peke yake, jina ambalo ukiliita pale barabara ya kumi na mbili wanageuka watu sita. Mwisho 6-K.A.R.

"Ya nani hii, mzee wangu?"

"Ya marehemu baba. Alikuwa Keya," akasema, yaani askari wa jeshi la Mwingereza enzi za ukoloni.

Basi. Sikuuliza jingine. Nilikuwa na Seiko niliyoitengeneza na mwenyewe hajarudi kuichukua mwaka wa pili. Nikampa hiyo pamoja na shilingi elfu kumi, akaenda zake anafurahi, na nadhani bangili alinunua dukani. Sikumuuliza anaitwa nani, anakaa wapi, baba yake alipigana wapi, alirudi mzima au vipi. Nilijiona mjanja kwa kuokoa kitu kisiyeyushwe.

Jioni ileile nikaiharibu. Nilichukua Brasso, ile ninayong'arishia mikanda ya saa, nikaisugua medali mpaka ikawa kama kijiko kipya. Mke wangu akaja kutazama. Upande mmoja ni mfalme George wa Tano, upande wa pili ni mtu uchi kabisa juu ya farasi, farasi anakanyaga ngao yenye tai, na chini kuna fuvu na mifupa. Akaniambia, "Hicho kitu usikiweke sebuleni, watoto wa madrasa wanapita hapa." Nikacheka, nikakifungia kwenye droo ya springi za saa. Miaka kadhaa baadaye, nilipoanza kujua ninachokifanya, ndipo nilipokirudia kwa kioo na kuona herufi za jina zimekuwa nyembamba. Dawa ya kung'arisha inang'arisha kwa kula, na ukingo ndio unaoliwa kwanza, kwa sababu ndio unaoshikwa na vidole. Weusi ule nilioudhani uchafu ulikuwa umelilinda jina kwa miaka zaidi ya 70.

Nimeanza na aibu hiyo kwa makusudi. Watu wakija kunionyesha medali zao siku hizi, sentensi yao ya kwanza huwa "nimekusafishia, fundi."

Kujua ile ni kitu gani kulinichukua muda, maana mitandao haikuwepo mtaani kwetu. Padri mmoja aliyekuwa akiniletea saa yake ya ukutani ndiye aliyeniazima kitabu chenye picha za medali za Kiingereza. Nikajifunza kwamba ile ni Medali ya Vita ya Uingereza, ya 1914 hadi 1918, fedha tupu, kipenyo milimita 36, uzito kama wakia moja. Uzito huo ndio adui yake. Bei ya fedha ilipopaa mwaka 1980, Waingereza wenyewe waliziyeyusha kwa wingi. Huku kwetu masonara hawakungoja bei ipae. Dada yake, Medali ya Ushindi, ni ya shaba iliyopakwa rangi ya dhahabu, ina malaika mwenye mabawa na utepe wa rangi za upinde wa mvua, na nyuma imeandikwa kwa Kiingereza kwamba ilikuwa Vita Kuu kwa ajili ya ustaarabu. Hiyo haina fedha ndani yake, kwa hiyo imesalimika zaidi. Mara nyingi nikiletewa ya shaba peke yake najua ile ya fedha iko kwenye mkono wa bibi fulani.

Lakini kilichoninyima usingizi ni zile herufi za mwisho. K.A.R., Keya, nilikuwa nazijua kwa kusikia kama kila mtu wa rika langu. Jeshi hilo la King's African Rifles liliundwa 1902, na kila kikosi kilikuwa na namba yake. Namba 6 kiliundwa 1917, vita vikiendelea, na wengi wa askari wake wa mwanzo walikuwa askari wa Mjerumani waliotekwa au waliobaki nyuma Waingereza walipoichukua nchi. Yaani mtu yule yule aliyekuwa akiwapiga Waingereza 1914 anaweza kuwa ndiye aliyevishwa nishani na Waingereza hao hao. Nilipolisoma hilo niliweka kitabu chini. Baba wa mzee wangu, je, alikuwa upande wa Mjerumani kwanza? Alikuwepo hapa hapa Tanga, Novemba 1914, meli za Waingereza ziliposhusha watu karibu 8,000 kutoka India na kufukuzwa na jeshi la von Lettow-Vorbeck, kamanda wa Mjerumani, lisilofika hata robo yao? Medali haisemi. Mzee angesema, na alikuwa amekaa kwenye kigoda changu dakika 20 anangoja mvua ipungue, mimi nikaitumia nafasi hiyo kumsifia Seiko.

Nilimtafuta. Nilizunguka misikiti mitatu, nikauliza arusi za Ijumaa ile zilikuwa ngapi. Mpaka leo sijui alikuwa nani.

Ndiyo maana nikaanza daftari. Ni kaunta buku la kawaida, na kanuni yake ni kwamba pesa haitoki mfukoni mpaka ukurasa umeandikwa: nani kaleta, alikipata kwa nani, mwenye nacho alikuwa nani kwake, alisimulia nini, na chombo kilikuwa kimehifadhiwa wapi. Wengine wanaona napekua. Mama mmoja aliniuliza kama mimi ni wa usalama.

Tanga ina mengi ya kuletwa. Waingereza walipokimbilia melini mwaka 1914 waliacha bombomu, yaani bunduki za rashasha, mamia ya bunduki za kawaida na risasi zaidi ya laki tano, na ardhi ya upande wa Raskazone bado inatapika. Maganda ya risasi, vifungo vya shaba, vipande vya mkanda. Kifungo nakipenda kuliko watu wanavyodhani. Kifungo kimoja chenye nembo kinakwambia jeshi, na mara nyingine mtengenezaji wake yuko nyuma yake. Ila hapa lazima niseme jambo kwa ukali kidogo. Kijana mmoja aliyekuwa akichimba shimo la choo alinifuata na kitu cha chuma kirefu kama mkono, kimeota kutu, kina ncha. Alikuja nacho kwenye bodaboda, amekipakata kama mtoto. Nilitoka kibandani kwa mlango wa nyuma. Tulimwita polisi, mtaa ukafungwa nusu siku, na mimi nikatukanwa na wauza mihogo wote kwa kuharibu biashara. Kutu haiui bomu, hata likiwa la miaka 100. Ukiliona, liache lilipo, sogeza watu, piga simu.

Silaha na risasi nzima sigusi kabisa, na sare za jeshi la sasa vilevile. Wapo wanaofikiri mkusanyaji ana ruhusa maalumu. Hana. Agosti 2023 JWTZ ilipotoa siku saba kwa raia wote wenye mavazi ya kijeshi, au yanayofanana nayo, kuyasalimisha, mimi nilikuwa na kofia moja tu ya mabakamabaka, tena ya jeshi la Ulaya, niliyoiokota kwenye mitumba kwa ajili ya beji yake. Nikaibandua beji, kofia nikaipeleka. Askari wa mapokezi akaniuliza, "Na wewe mzee ulikuwa unaitaka ya nini?" Sikuwa na jibu la kumtosha.

Nilivyopata nishani ya pili ni kisa kifupi. Nilikwenda Tongoni kwenye maziko, baada ya maziko tukakaa ufukweni, mvuvi mmoja akawa anafunga mshipi. Chubwi yake, ule uzito wa kuzamishia mshipi, ikanimulika. Ilikuwa duara la rangi ya nikeli, limetobolewa tundu juu, limelika na chumvi, lakini simba alionekana amesimama juu ya joka la vichwa viwili. Ile ni Medali ya Vita ya 1939-45. Nilimwambia inauzwa? Akacheka: "Hii imeniletea changu wengi kuliko wewe utakavyonipa." Nikampa mshipi mpya na vipande vinne vya madini ya risasi, akakubali kwa shingo upande. Aliipata kwa shemeji yake, shemeji aliipata kwa mjomba aliyekuwa Keya, mjomba alikuwa akisimulia Uhabeshi na baridi yake. Nikaandika yote. Ndiyo nishani ninayoipenda kuliko zote, na thamani yake sokoni ni sifuri.

Kuhusu kudanganywa nimedanganywa mara nyingi, lakini mara mbili nililipa pesa ya kuumiza. Mara ya kwanza ilikuwa Msalaba wa Chuma wa Mjerumani, wa 1914. Mji huu una watu wa hazina, wanaotembea na ramani za kuungua pembeni na kusimulia masanduku yaliyofukiwa na Mjerumani, na mmoja wao alinikuta siku nina pesa ya mchezo wa kupeana. Msalaba wa kweli una tumbo la chuma lililopakwa rangi nyeusi, limezungushiwa fremu ya fedha na kuunganishwa. Ukiweka sumaku unavutwa, ukitazama ukingoni unaona mshono. Wangu ulikuwa kipande kimoja kilichomiminwa, na sumaku iliupita kama mtu asiyekujua. Sumaku ninayo mezani, bei yake soda moja. Sikuitumia kwa sababu nilikuwa nimeshaamini kabla hajafungua karatasi.

Mara ya pili ilikuwa ujanja wa kiwango kingine. Medali ya fedha, ya kweli kabisa, mfalme wa kweli, farasi wa kweli, ukingoni jina la ofisa. Majina ya maofisa yana bei. Nililipa, nikaja nyumbani, kitu kikawa kinanikera bila kujua ni nini. Mwisho nikatoa kalipa ninayopimia vioo vya saa. Milimita 35 na pointi nne. Nikapima ya mzee wa El Nino: 36 kamili. Mtu alikuwa amelisaga jina la mwenyewe likafutika, akagonga jina la mtu anayeuzika zaidi. Herufi zilikuwa nzuri, kazi safi ya mkono, hata mimi nilimvulia kofia. Lakini madini ukiyatoa hayarudi. Tangu hapo kalipa inakaa kando ya daftari. Siku zote nawaza yule aliyesagwa alikuwa nani; labda naye alikuwa na jina moja tu.

Jambo ambalo mtu mgeni hulitambua baadaye sana ni kwamba nishani za vita vya pili, vile ambavyo wazee walikuwa wakiviita vya Hitla, Waingereza hawakuziandika majina. Zile nyota nane za shaba, medali za nikeli, zimetoka tupu. Walizopewa askari wa India na Afrika Kusini zina majina, za askari wetu hazina. Nyota ya Afrika iliyovaliwa na mtu aliyepanda milima ya Uhabeshi mwaka 1941 ni sawasawa na ya karani aliyekaa Cairo. Kwa hiyo ukiitenga na watu wake umeiua, haina pa kuanzia tena.

Hapo ndipo alipo bibi wa Muheza. Nilipelekwa kwake na mteja, mwaka 2009. Nilimwamkia, nikakaa, nikatoa sukari na majani ya chai, na alipojua nilichokuja kutafuta akasema hauzi. Nikarudi tena. Mara ya tatu akaagiza kopo liletwe kutoka chini ya kitanda, kopo la sigara la zamani, na humo nishani nne: Nyota ya 1939-45, Nyota ya Burma, Medali ya Ulinzi na ile ya simba na joka. Tepe zilikuwa zimeshonwa pamoja kwa uzi wa buluu, uzi mnene wa kushonea magunia ya mkonge. Ncha moja ya Nyota ya Burma ilikuwa imepinda.

"Huyo ni mwanangu wa pili," akasema. "Alifungulia soda."

Mumewe alitoka kwenye shamba la mkonge kwenda jeshini, akapelekwa Mombasa, akapanda meli mpaka Seloni, Sri Lanka ya leo. Huko, bibi alisema, waliona minazi na samaki, wakadhani vita ni hivyo hivyo tu. Kisha wakapelekwa Burma, na hapo hadithi zake zilikuwa mbili peke yake: tope na ruba. Ruba waliingia hata kwenye matundu ya kufungia kamba za viatu. Niliposoma baadaye kuhusu divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki, ile yenye alama ya kifaru, jinsi ilivyoteremka bonde la Kabaw kwenye mvua za masika za huko mwaka 1944 mpaka ikaufikia mji wa Kalewa Desemba, niliona ni tope na ruba zile zile, ila kwa namba za vikosi. Bibi hakujua mji wowote. Alijua mumewe hakuweza kusikia mvua ya bati usiku bila kuamka na kukaa.

Nishani hizo mumewe hakuzivaa hata siku moja. Alishona tepe, akazitia kwenye kopo. Bibi hakujua kwa nini, na mimi sikumbunia sababu.

Sikununua. Niliandika kurasa mbili, nikampa mjukuu wake azisome kwa sauti, bibi akasahihisha jina la meneja wa shamba na kufuta sehemu moja, nikampa bibi nakala aitie kwenye kopo lile lile. Nilirudi nyumbani nikijisikia nimefanya jambo la maana kuliko kununua.

Bibi alifariki 2014. Mwaka 2019 mtu wa Arusha anayewauzia watalii vitu vya kale alinitumia picha kwenye WhatsApp: "Seti ya Burma fundi, safi, mwenyewe hajulikani." Niliona uzi wa buluu kabla sijakuza picha. Nilikuza kwa ajili ya ncha tu. Alitaka mara nne ya bei ambayo bibi angeikubali siku ile, na nilizilipa bila kupunguziwa hata mia, kwa sababu nilikuwa nimepiga kelele ya mshangao kwenye ujumbe wa sauti kama mwanafunzi. Karatasi zangu hazikuwemo. Kopo halikuwemo. Yule mjukuu aliyesoma kurasa ndiye aliyeuza. Nilipompigia hakukana, akasema mtoto alirudishwa nyumbani kwa kukosa ada. Sikumlaumu. Ada haingoji, na mimi mwenyewe niliichukua medali ya marehemu baba wa mtu kwa Seiko. Tumekubaliana siku ukoo ukizitaka watanirudishia nilichotoa, hakuna faida juu yake. Ziko kwangu, na nakala ya kurasa nimeipiga chapa upya na kuikunja chini yake.

Nishani kifuani si ushahidi peke yake, hilo nalo nimejifunza. Jirani zetu Uganda walikuwa na rais aliyejaza koti mpaka likainama. Idi Amin aliingia Keya mwaka 1946, vita vimekwisha 1945, lakini ilisimuliwa kwamba alipigana Burma. Na alipoona zilizopo hazitoshi akajitengenezea msalaba wa ushindi wa kufanana na ule mkubwa wa Waingereza. Yule wa Muheza alizitia kwenye kopo la sigara.

Mwaka 2021 tume inayotunza makaburi ya vita ya Jumuiya ya Madola ilitoa ripoti ikakiri kwamba watu wasiopungua 116,000, wengi wao wa Afrika na Mashariki ya Kati, walikufa kwenye Vita vya Kwanza bila kuandikwa majina popote, au bila kukumbukwa kabisa, na huenda idadi ikafika 350,000. Wabebaji wa mizigo, wale walioacha jina kwenye Kariakoo ya Dar es Salaam, ndio wengi humo. Niliisoma kwenye simu kibandani, saa za watu zinagonga ukutani, nikaenda kufungua droo. Baba wa mzee wa El Nino alirudi kutoka vitani, akazaa, kwa hiyo si wa hesabu hiyo. Lakini jina lake liko mahali pamoja tu ninapopajua, na mimi ndiye niliyelisugua.

Kuhifadhi sina mengi ya kusema. Hewa ya Tanga ina chumvi. Vile vifuko vidogo vya kunyonya unyevu vinavyokuja kwenye maboksi ya viatu naviomba kwa wauza viatu. Mifuko laini ya plastiki inaitoa shaba kijani cha kunata, tumia karatasi au pamba. Tepe za hariri zinaliwa na wadudu. Vidole vioshwe.

Wa mwisho nitakayemtaja alikuja mwaka jana. Kijana wa miaka 30 hivi, nadhifu, gari ameliacha linanguruma. Aliweka mezani Medali ya Huduma Afrika, ya fedha, malkia Elizabeth mbele, utepe wa njano wenye mistari ya kijani na pembe nyeusi, na juu ya utepe kibao kidogo cha fedha kilichoandikwa KENYA. Nikajua kabla ya kuivaa miwani. Kibao hicho kilitolewa kwa waliopelekwa kupambana na Mau Mau, kati ya Oktoba 1952 na Novemba 1956, na vikosi vya Keya vya Tanganyika vilikuwemo. Ukingoni namba, cheo, jina kamili safari hii, la babu na la baba yake.

Nikafungua daftari. Babu yako? Ndiyo. Alisimulia nini? Kimya. Akatazama gari lake.

"Mke wangu ni wa Nyeri," akasema. "Wakwe wanakuja mwezi ujao, mara ya kwanza. Hii ilikuwa kwenye fremu, ukutani kwa mzee, na sasa nyumba ni yangu."

Nikamuuliza kama mkewe ameiona. Akasema ameiona kila siku kwa miaka mitatu, hajui ni ya nini, anadhani ni ya kazi ya serikali. Babu yake mke alikufa kwenye kambi ya waliofungwa wakati wa Mau Mau, hilo mke mwenyewe hulisema.

"Kwenye daftari andika alikuwa mpishi," akaniambia.

"Alikuwa mpishi?"

"Sijui, fundi. Hakusema. Na wewe hukuwepo."

Nikaandika: familia inasema alikuwa mpishi. Akaisoma mstari kwa mstari kichwa chini kutoka upande wake wa meza, akakubali. Kisha akaichukua medali, akaipitisha ukucha ukingoni, polepole, herufi moja moja.

"Hili jina linafutika?"

Nikamwambia linafutika, kwa msasa mdogo, nusu saa. Ila medali itapungua, na mtu mwenye kalipa atajua palikuwa na mtu.

Akaigeuza mara mbili. Akaiacha juu ya daftari, akatoka bila kupokea pesa, na gari lile sijaliona tena.